Wazee Waliostaafu, Mume na Mke: Vijiji vya Nachingwea na Ruangwa Vinawahitaji

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake.

Ndugu Waislamu, katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, si jambo geni kuukuta msikiti umesimama, adhana inasikika, lakini hakuna wa kuwasomesha watoto. Vijana waliopata ilimu huondoka kwenda Mtwara na Dar es Salaam kutafuta riziki, wala hatuwezi kuwalaumu. Wakati huo huo, mijini tunao wazee, mume na mke, waliostaafu kazi wakiwa na miaka 55 au 60. Afya wanayo, ilimu wanayo, watoto wao wamekwisha kuoa na kuolewa. Wengi wao siku zao hupita barazani na mbele ya televisheni. Leo tungependa kuyakutanisha mambo haya mawili.

Mfano wa jambo hili tunao tangu zama za Masahaba. Ubada bin Samit (R.A.) alikuwa miongoni mwa Ansari wa Madina. Wakati wa ukhalifa wa Umar (R.A.), watu wa Sham walipokuwa wengi na kuhitaji walimu wa Qur'ani, yeye ni mmoja wa waliopelekwa huko, pamoja na Muadh bin Jabal na Abu Dardaa. Mkewe, Ummu Haram bint Milhan (R.A.), khale yake Anas bin Malik, alikuwa amemwomba Mtume (S.A.W.) amwombee dua awe miongoni mwa Waislamu watakaosafiri baharini, naye akabashiriwa kuwa atakuwa katika wa mwanzo wao. Katika mwaka wa 28 Hijria, wakati wa ukhalifa wa Uthman (R.A.), bibi huyo alipanda chombo pamoja na mumewe, wote wakiwa watu wazima sana, hadi kisiwa cha Kupro. Huko alianguka kutoka kwenye mnyama wake akafariki, na kaburi lake linazuriwa hadi leo karibu na mji wa Larnaca. Safari ile ilikuwa ya kijeshi, na hii tunayoizungumza ni ya ilimu tu. Lakini funzo lake liko wazi: uzee haukuwazuia, wala mke hakuachwa nyumbani.

Hapa kwetu Afrika Mashariki nako wapo waliohama wakakaa. Habib Saleh alitoka Ngazija akaweka makazi Lamu, akawasomesha hata wale waliodharauliwa na jamii, na chuo cha Riyadha kikasimama kwa juhudi yake. Na huku kusini, baada ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, Uislamu ulienea sana vijijini kwa kazi ya walimu wa kawaida walioishi na wanakijiji, wakalima nao na wakazikana nao. Tuwe wakweli pia kuhusu jirani zetu. Wamisionari wa Kianglikana waliofika Masasi mwaka 1876, na Wabenediktini waliofika Ndanda mwaka 1906, hawakuja kwa ziara ya wiki mbili. Walikaa, wakajenga shule na hospitali. Sisi mara nyingi hupeleka msafara na vipaza sauti, tukahutubia siku tatu, kisha tukaondoka. Mtoto hajifunzi Al-Fatiha kwa mhadhara mmoja.

Kwa nini tunasema mume na mke, wala si mume peke yake? Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde wa sehemu hizi ni watu ambao kwa desturi ukoo wao hufuata upande wa mama, na mwanamke ana sauti kubwa nyumbani. Mafunzo ya unyago yako mikononi mwa makungwi, na hapo sheikh hana nafasi ya kuingia. Mama mtu mzima, mwenye heshima yake, anaweza kuketi nao akazungumzia twahara, ndoa, haki ya mke na mirathi. Aidha, akifariki mwanamke kijijini, nani atamwosha na kumkafini kwa mujibu wa sheria? Ilimu hii ikikosekana kwa wanawake, aibu ni yetu sote.

Hata hivyo, jambo hili lina masharti yake. La kwanza ni mashauriano. Mke asiburutwe, wala mume asiondoke kwa kuwakimbia watoto au madeni. La pili ni adabu. Wageni wabishe hodi kwa imamu, kwa wazee na kwa serikali ya kijiji, na wasije kuupokonya msikiti wala kufufua ugomvi wa maulidi na khitma. La tatu ni riziki. Pensheni na bustani ndogo ziwatosheleze, wasiwe mzigo kwa wakulima. La nne ni ratiba. Mvua zinapoanza, familia nyingi huhamia mashambani, kisha huja misimu ya ufuta na korosho. Madrasa isiyofuata kalenda ya shamba itabaki tupu. La tano ni afya. Mwenye presha au sukari achague kijiji kisicho mbali na hospitali ya wilaya, na asiondoke bila bima na dawa zake. La sita, na ndilo kubwa, waandae kijana mmoja na binti mmoja wa pale pale watakaoshika madrasa baada yao.

Huenda watoto wakasema, "Baba na mama, watu watatusema kuwa tumewatelekeza." Tunawaambia vijana wetu kwamba kuwatii wazazi ni pamoja na kuwasaidia katika kheri waliyoichagua. Wapelekeeni dawa, wapigieni simu, waleteeni wajukuu wakati wa likizo. Na mzee asiyeweza asijione mkosa. Umar alipowatafuta walimu wa Sham, Abu Ayyub al-Ansari aliachwa kwa sababu ya uzee wake na Ubayy bin Kaab kwa sababu ya maradhi, wala hakuna aliyewalaumu. Asiyeweza kwenda anaweza kugharimia misahafu, mikeka na ubao.

Tunawaomba maimamu wa mijini waanze na jambo dogo. Kila msikiti mkubwa utafute wazee wawili tu, mume na mke, walio tayari kukaa mwaka mmoja katika kijiji kimoja cha Nachingwea au Ruangwa, na waumini wabebe nauli yao na kodi ya nyumba. Mwaka ukiisha, watoto wa kijiji hicho wapimwe kwa swala yao na usomaji wao.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aijaalie mwisho wa umri wetu kuwa bora kuliko mwanzo wake. Amin. Wabillahi tawfiq.