Kijani cha satelaiti si ushahidi kwamba ardhi imepona

Mwenye kutazama milima ya Rubaya, katika eneo la Masisi, kupitia picha za satelaiti, haraka anaona kidonda: udongo mtupu uliochimbwa koltani, katikati ya malisho na mashamba. Picha hizo si siri. Satelaiti za Landsat za Marekani zinapiga ardhi picha tangu 1972, na tangu 2008 picha zake ni za bure. Zile za Ulaya, Sentinel-2, ya kwanza ilirushwa 2015. Zinapita juu ya sehemu moja karibu kila siku 5, na zinaona vipande vya mita 10 kwa 10.

Shida iko katika kuzisoma. Hesabu inayotumika sana inapima kijani cha majani. Udongo mwekundu ukigeuka kijani, jibu linatoka kwamba ardhi imepona. Hapo wenyeji wa Rutshuru wana neno.

Tangu vita viliporudi, na hasa baada ya M23 kuteka Rutshuru na Kiwanja mwishoni mwa Oktoba 2022, familia nyingi ziliacha mashamba zikakimbilia upande wa Goma. Shamba la maharagwe lisipolimwa misimu miwili, magugu yanalifunika. Kutoka angani linaweza kuonekana kijani kuliko lilipokuwa na mwenyewe. Kwenye kompyuta, ni uoto uliorudi. Kwa mama aliyekimbia na watoto, ni njaa.

Kwenye machimbo ni vilevile. Majani yanaweza kuota juu ya mashimo wakati udongo wenye rutuba umekwisha kusombwa mtoni. Sheria ya migodi ya Kongo ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamtaka mwenye kibali atengeneze upya ardhi aliyoiharibu. Kijani kikikubaliwa peke yake, deni hilo litakuwa limelipwa na magugu.

Kwa hiyo wataalamu wasimalize kazi mbele ya kompyuta. Wawaulize wenye ardhi: kilipandwa nini hapa, mlihama lini, nani alichimba, maji ya mto yalibadilika lini? Majibu yasomwe kwenye redio za jamii, kwa Kiswahili, ili anayejua tofauti aseme.

Faida ipo pia kwa wakimbizi wa ndani. Picha ya 2021 inaweza kuonyesha kwamba mahali fulani palilimwa kabla ya vita. Lakini haionyeshi jina la mwenye shamba. Jina linabaki kwa majirani, kwa wazee wa kijiji na kwenye karatasi. Familia iliyo mbali na kwao iandike leo, kabla wazee hawajaondoka: jina la kilima, mto ulio karibu, majirani wa pande zote nne, kilichopandwa na mwaka wa kukimbia. Siku ya kurudi, picha na maandishi hayo viwekwe mezani pamoja.