Fulana Zimeagizwa, Usalama Je?

Barua ya kuomba ruhusa ya safari ya kwenda hifadhi ya taifa ina sura moja, iwe imeandikwa na serikali ya wanafunzi, na tawi la chama cha wafanyakazi au na idara fulani ya halmashauri. Huanza na salamu, hutaja lengo (kujifunza, kujenga mshikamano, kuunga mkono utalii wa ndani), kisha huorodhesha michango: basi, kiingilio, chakula, fulana. Mara nyingi fulana hupewa aya yake peke yake, pamoja na rangi na maneno yatakayochapwa mgongoni. Nimepitia barua za namna hii kwa miaka kadhaa nikiwa mlezi wa wanafunzi, na ni chache mno zilizonieleza dereva atalala wapi, nani miongoni mwa wasafiri ana pumu, au hospitali iliyo karibu na lango la hifadhi iko umbali gani. Ukiuliza, unajibiwa kwa methali: ajali haina kinga.

Methali hiyo ina mahali pake, nami siikatai msibani. Inapotamkwa na mtu mwenye kalamu ya kuidhinisha safari ya watu sitini, hata hivyo, inakuwa njia ya kukwepa wajibu. Mengi yanayowadhuru wageni wa hifadhini yanajulikana mapema, na kinga zake zinajulikana pia. Kinachokosekana ni mtu anayelazimika kuyafikiria kabla ya basi kuwashwa.

Jambo hili ni la kisiasa kuliko linavyoonekana. Kwa miaka ya karibuni tumehimizwa sana kutembelea hifadhi zetu, na ni vema. Lakini tazama tofauti ya maandalizi. Mgeni anayetoka Ulaya kuja Serengeti hufika akiwa ndani ya mfumo: ana kampuni yenye leseni, mwongoza watalii aliyesomea kazi yake, gari lenye redio ya mawasiliano, na mara nyingi bima itakayolipia ndege ya kumwondoa porini akiugua. Kabla hajapanda ndege ameshaambiwa avae nini, anywe dawa gani na asifanye nini. Mwananchi hupewa punguzo la kiingilio. Punguzo hilo ni haki yake, wala silibezi. Ila simba ni yuleyule, tope ni lilelile, na usiku wa barabarani ni uleule. Tumemfungulia raia lango kwa bei nafuu, na usalama tumeuacha kuwa bidhaa ya mwenye dola.

Nichukue Mikumi, kwa kuwa ndiyo hifadhi ambayo wanachuo wengi wa Dar es Salaam na Morogoro huianzia. Ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na hatimaye Zambia inaikata kwa takriban kilomita 50. Kutoka Dar es Salaam ni karibu kilomita 300. Ili kuokoa gharama ya kulala, kamati hupanga safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Basi huondoka saa nane usiku, hufika langoni asubuhi, huzunguka hifadhini kutwa, hutoka kabla ya saa 12 jioni lango linapofungwa, kisha hugeuza kuelekea nyumbani. Dereva ni mmoja. Piga hesabu: akiwafikisha abiria chuoni saa sita usiku, amekuwa macho kwa saa 22 kwa uchache, na sehemu ngumu kuliko zote ameiendesha mwishoni, gizani, katikati ya malori ya mizigo iendayo Zambia na Kongo.

Hapo sijataja wanyama. Jioni na alfajiri ndipo nyati, twiga na tembo huvuka barabara kwa wingi, na nyati mweusi juu ya lami nyeusi haonekani hadi umemkaribia. Kando ya barabara hiyo kuna vibao vya ukomo wa mwendo na orodha ya faini kwa atakayemgonga mnyama, kila mnyama na kiwango chake. Orodha hiyo ni jambo jema la uhifadhi. Hata hivyo, kila nikiiona huwaza kwamba mnyama ana bei yake kibaoni ilhali abiria wa basi letu hana hata jina kwenye karatasi. Basi likipinduka usiku ule, nani ataweza kumwambia askari wa usalama barabarani walikuwa watu wangapi, akina nani, na ndugu zao wapigiwe simu gani?

Kwa hiyo kinga ya kwanza ya safari ya hifadhini haina uhusiano na simba. Ni dereva wa pili, au usiku mmoja wa kulala Morogoro au katika mji mdogo wa Mikumi. Kwa wanaotoka Dar es Salaam, tangu mwaka 2024 iko njia nyingine: treni ya umeme hadi Morogoro, kisha gari la kukodi lenye dereva aliyelala usingizi wake. Itagharimu zaidi kidogo. Tutarudi kwenye gharama.

Ndani ya hifadhi, hatari inayosahauliwa ni udongo. Uwanda wa Mkata, ambako wanyama huonekana kwa urahisi, una udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha hugeuka utelezi unaoshika magurudumu kama gundi. Gari dogo la magurudumu manne yenye nguvu hupita mahali ambapo basi la abiria sitini litazama. Nalo likizama, vijana hushuka kusukuma, kwa nia njema kabisa, katika nyasi ambazo hakuna aliyezikagua. Ni muhimu basi kupiga simu hifadhini kabla ya kuchagua tarehe, kuuliza hali ya njia za ndani, na kuuliza kama basi kubwa litaruhusiwa kuingia huko mnakotaka kwenda. Aidha, inafaa kuomba askari wa uhifadhi au mwongoza wageni apande nanyi. Mtu huyo anajua tembo anapotandaza masikio na kutikisa kichwa anasema nini, na dereva wa mjini humsikiliza yeye kuliko anavyomsikiliza mwenyekiti wa kamati mwenye umri wa miaka 22.

Mengine ni ya kuambiana mapema, na yasisubiri kupigiwa kelele porini: hakuna kushuka garini nje ya sehemu zilizotengwa, hakuna kuning'inia dirishani kwa ajili ya picha, hakuna kumrushia nyani ndizi. Nyani aliyezoea kulishwa hukwapua, na akikataliwa huuma.

Kwa wanaodhani maji hayaui katika nchi kavu, Hifadhi ya Hell's Gate nchini Kenya, karibu na Naivasha, ina funzo chungu. Ni moja ya hifadhi chache ambako mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli, na kivutio chake kikubwa ni korongo jembamba la Ol Njorowa. Aprili 2012, vijana wa kikundi cha kanisa walikuwa ndani ya korongo hilo mafuriko ya ghafla yalipowakuta, saba walikufa. Septemba 2019 watu wengine saba walisombwa na kufa mahali palepale. Maji ya korongo hayahitaji mvua inyeshe juu ya kichwa chako. Huweza kunyesha milimani, mbali, huku wewe umesimama juani unapiga picha, na ukisikia mngurumo huna pa kupanda. Swali la kuuliza kabla ya kuingia korongo lolote ni jepesi: leo kumenyesha wapi huko juu, na tukitakiwa kutoka haraka tunatokea wapi? Kiongozi wa msafara asipopata jibu, korongo lisubiri siku nyingine. Ninaona umuhimu wa kusisitiza kwamba mara zote mbili hayakuwa matembezi ya wahuni wasiosikia. Walikuwa watu kama sisi, wa safari kama zetu.

Kuhusu Kilimanjaro nitasema kwa ufupi, kwa kuwa vikundi vya raia, wakiwamo watumishi wa umma, hupanda kila Desemba kuadhimisha uhuru. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895. Kwa njia ya Marangu, mpandaji hulala Mandara kwenye mita zipatazo 2,700, kisha Horombo kwenye 3,700, kisha Kibo kwenye 4,700. Hiyo ni takriban mita elfu moja kwa siku, wakati ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Ndiyo maana siku ya ziada pale Horombo ina thamani kubwa, na ndiyo siku ya kwanza kukatwa bajeti inapobana. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu ni onyo la kusimama. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa amekaa, dawa yake ni kushushwa mara moja, hata kama ni usiku, hata kama mkuu wa msafara ni bosi wake. Utii wa ofisini ni hatari sana mlimani. Mtumishi wa daraja la chini hatasema kichwa kinamuuma mbele ya mkurugenzi anayetaka picha ya kikundi kileleni. Mwenye kauli ya mwisho lazima awe mwongozaji, na hilo lisemwe hadharani kabla ya kupanda.

Nchini mwetu wapo wengi wenye selimundu, na kwao hewa pungufu ya juu mlimani si jambo la kujaribu bila daktari. Wapo wenye kifafa, kisukari, pumu. Kijana mwenye kifafa hatajitangaza kwenye kundi la WhatsApp la safari. Ni lazima awepo mtu mmoja, ikiwezekana muuguzi, anayepokea taarifa hizi kwa siri na kubeba kinachohitajika. Mtu huyohuyo awaeleze wenzake kwamba aliyeumwa na nyoka atulizwe, asitembezwe, asichanjwe wala kufungwa kamba ya kukaza, na apelekwe hospitali; lile jiwe jeusi la nyoka libaki nyumbani kwa bibi.

Hata fulana, ambazo tumezipenda hivyo, zina lake la kusema. Mbung'o, aenezaye malale, huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Mitego yake hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Rangi zinazopendwa na kamati zetu ni zipi?

Najua nitajibiwa kwamba wanafunzi hawana fedha, na kwamba masharti haya yatawafungia watoto wa maskini nje ya hifadhi zao wenyewe. Hoja hiyo ni nzito, na ndiyo sababu mzigo haupaswi kuwekwa mabegani mwa wanafunzi peke yao. Chuo kinachoandika safari hizi kwenye taarifa yake ya mwaka kama mafanikio kilipie posho ya dereva wa pili. Wizara inayohesabu vichwa vya watalii wa ndani iweke langoni maelezo ya usalama ya dakika kumi, kwa Kiswahili, kwa kila kundi linaloingia. Na kamati, kabla ya kutuambia fedha hakuna, ituoneshe kwanza bei ya fulana.

Msimu wa kiangazi huanza Juni, na barua za maombi zitaanza kufika mezani mapema kuliko hapo. Mwenye kusaini azirudishe zile zisizo na mambo haya: orodha ya majina na simu za ndugu, nakala moja ikibaki ofisini, majina ya madereva wawili au risiti ya malazi, jina la anayebeba sanduku la huduma ya kwanza, namba ya simu ya hifadhi na ya hospitali ya karibu, saa ambayo aliyebaki ataanza kuwatafuta wasiporudi. Inatosha karatasi moja, upande mmoja.