Mrehani Uliochanua na Umma Uishio Ndani Yake



Kina mama, kina dada na watoto wetu wapenzi,

Ni chache nyumba za pwani yetu zisizokuwa na mrehani. Mwingine umepandwa uani penye udongo, mwingine umo katika mkebe wa zamani wa samli kando ya mlango wa jiko. Tunauchuma jioni, tunauchanganya na asumini na mkadi, tunafunga vikuba vya harusi na maulidi. Hata Qur'ani Tukufu, katika Suratu Rahman, imeitaja rehani miongoni mwa neema za Mola wetu, na Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuwa apewaye rehani asiirejeshe, kwani ni nyepesi kuichukua na harufu yake ni njema.

Lakini pana jambo moja ambalo wengi wetu hatulitazami, nami nakiri kwamba sikulitazama kwa miaka mingi. Mrehani ukishatoa maua, huwa si wetu peke yetu tena. Huwa ni mji.

Mwaka jana niliona vidukari wamejaa katika vichwa vya mrehani wangu, wadudu wadogo wa kijani, laini, wamebanana kama tembe za ulezi. Sikungoja. Nilichukua dawa ya kuulia mbu iliyokuwa rafuni, nikapuliza kila tawi, juu na chini. Asubuhi yake nilifagia nyuki waliokufa, mjukuu wangu akawahesabu: kumi na mmoja. Siku ya tatu akaja jirani kuomba rehani za kikuba cha bibi harusi. Nilipomkabidhi alinusa, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Dada, rehani zako zanuka dawa." Nilizitupa zote kwa haya. Kitu cha kuwekwa karibu na pua ya bibi harusi usiku wa furaha yake nilikuwa nimekitia sumu kwa mikono yangu mwenyewe.

Mwaka huu mrehani umechanua tena, na vidukari wamerudi. Mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka minane, alikuja mbio jikoni. "Bibi, wadudu wamerudi! Nilete dawa?"

Nikamwambia, "Lete kigoda. Leo tutakaa tutazame."

Tulikaa asubuhi tatu mfululizo, jua likiwa bado halijawa kali. Nataka niwasimulie tuliyoyaona.

Ua la mrehani ni dogo, jeupe, nalo hutoka kwa mafungu yaliyopangwa ngazi kwa ngazi juu ya kikonyo. Wa kwanza kufika walikuwa nyuki wa asali. Kila mmoja alitua, akaingiza ulimi wake ndani ya ua, akatoka, akaenda ua la pili. Mjukuu wangu aliona katika miguu yao ya nyuma vibonge vidogo vya unga wa maua, akadhani ni uchafu. Nikamweleza kuwa hivyo ni vikapu vyao. Huo ni mzigo wanaowapelekea wadogo zao mzingani. Na katika kuhamahama huko, unga wa ua moja huangukia ua jingine, nayo mbegu hupatikana. Nyuki hao hao ndio waendao pia kwenye maua ya malimau, matango na maboga. Anayewaua nyuki uani asishangae maboga yake yakidondoka yakiwa machanga.

Kisha akaja mdudu mwenye mistari ya manjano na nyeusi kama nyuki, akasimama hewani bila kusogea kana kwamba ametundikwa kwa uzi. Mtoto akajikunyata. Nikamwambia ahesabu mbawa atakapotua. Nyuki ana mbawa nne. Huyu alikuwa na mbili tu. Alikuwa nzi, aliyevikwa vazi la nyuki ili ndege wamwogope, naye hana mwiba wowote. Tena wengi wa jamaa zake hutaga mayai yao kati ya vidukari, na watoto wao wakitoka huwala vidukari hao mmoja mmoja.

Vidukari wenyewe walikuwa wamezama katika kazi yao ya kufyonza utomvu. Viumbe hawa huongezeka upesi mno, kwa sababu jike aweza kuzaa watoto walio hai bila kungoja dume. Utomvu ukizidi matumboni mwao, hutoa matone matamu, na hapo ndipo tulipoelewa kwa nini chungu walikuwa wakipanda na kushuka bila kupumzika. Chungu aligusa mgongo wa kidukari kwa vipapasio vyake, tone likatoka, akalinywa. Mfano wa mchungaji akikama mbuzi wake. Na kama mchungaji, chungu huwalinda: tulimwona mmoja akimkabili mdudu wa duara, mwenye mgongo mwekundu na madoa meusi, aliyekuja kuwala vidukari. Wakulima wa minazi wanaijua tabia hii ya ulinzi. Wale chungu wekundu waitwao majimoto, washonao majani ya miti kwa nyuzi za watoto wao, huukinga mnazi na mdudu afyonzaye madafu machanga yakaanguka kabla ya wakati. Chungu yule yule atuudhiye mahali pamoja ni askari wetu mahali pengine.

Juu ya jani jingine palikuwa na kijidudu cheusi, kirefu, chenye miba mgongoni, kama mamba mdogo. Mjukuu wangu alitaka kukiponda. Nilimzuia kwa bahati njema, maana huyo ni mtoto wa yule mwekundu mwenye madoa. Hafanani na mamake hata kidogo, naye hula vidukari kwa wingi. Ni mara ngapi tumemponda msaidizi wetu tukimdhania adui, kwa kuwa hatukumtazama vizuri?

Asubuhi ya tatu ndiyo iliyotufikisha penye mtihani.

Nyuki mmoja alitua juu ya ua, na hakuondoka. Tulingoja. Mtoto alisogea karibu, kisha akapiga ukelele. Kati ya maua meupe palikuwa na buibui mweupe, wa rangi ile ile, miguu yake ya mbele mirefu imemkumbatia nyuki, na meno yake yamo nyuma ya kichwa chake. Buibui wa namna hii hafumi utando. Hukaa juu ya ua siku nzima, mikono wazi, akingoja riziki. Akitembea huenda upande upande kama kaa wa ufuoni. Wapo wa jamii yake wawezao hata kugeuza rangi yao kwa muda wa siku kadhaa, kutoka nyeupe kuwa ya manjano, kulingana na ua walilolikalia.

"Bibi, mfukuze! Amwache nyuki!"

Mkono wangu ulikwisha nyanyuka, nikaurudisha. "Mjukuu wangu, nikimnyang'anya, nyuki hatafufuka, na buibui atashinda na njaa."

"Lakini nyuki hakufanya kosa."

"Ni kweli, hakufanya kosa. Wala buibui hakufanya. Mola aliyempa nyuki ua ndiye aliyempa buibui nyuki."

Alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, bila ya ubaya wowote, kama wanavyouliza watoto: "Na wale kumi na mmoja wa mwaka jana, Bibi, nani aliwala?"

Wasomaji wangu, sikuwa na jawabu ila moja. Hakuna aliyewala. Buibui alimuua nyuki mmoja, akashiba, akatulia. Mimi niliwaua kumi na mmoja ambao hata sikuwa na ugomvi nao, kwa sababu niliwachukia vidukari, na nikaona uvivu kuchota maji.

Tangu siku ile nimekuwa nikitafakari kuwa Mwenyezi Mungu (S.W.T.) amezipa sura tatu za Kitabu chake majina ya viumbe hawa hawa tuliowaona katika mti mmoja: Suratun Nahl, sura ya nyuki, Suratun Naml, sura ya chungu, na Suratul Ankabut, sura ya buibui. Katika sura ya nyuki, amri aliyopewa kiumbe huyo imekuja katika lugha ya Kiarabu kwa tamko la kike. Na nyuki wa asali tunaowaona mauani wakichuma wote ni majike. Katika sura ya chungu, chungu mmoja anawaonya wenziwe waingie majumbani mwao wasije wakapondwa na jeshi la Nabii Sulaiman (A.S.) bila ya jeshi hilo kujua. Nabii yule, pamoja na ufalme wake wote, aliyasikia maneno ya kiumbe mdogo, akatabasamu na kumshukuru Mola wake. Nami sina ufalme ila mkebe wa dawa, na sikusimama hata kusikiliza.

Tumefundishwa pia kisa cha Nabii mmoja aliyeumwa na chungu, akaamuru kijiji chao kichomwe moto. Akalaumiwa na Mola wake kwa kuangamiza umma mzima umsabihio Mungu kwa sababu ya chungu mmoja. Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Mtume (S.A.W.) amekataza kuuawa wanyama wanne, na miongoni mwao ni chungu na nyuki. Sisemi kwamba mtu asijikinge na chenye kumdhuru. Wanavyuoni wameruhusu kuondosha madhara. Ninalosema ni kwamba kuondosha madhara ni jambo moja, na kumwaga mauti kwa kila kilichopo ni jambo jingine.

Basi nimefanya nini na vidukari? Nimechota maji kwa bilauri nikaviosha vichwa vya mrehani kwa kishindo kidogo, huku nikivishika kwa mkono visivunjike. Vidukari wengi walianguka, na waangukao aghalabu hushindwa kurudi. Vichwa vilivyozidiwa kabisa nilivikata. Nimerudia kila baada ya siku mbili, jioni, nyuki wakiwa wamekwisha rudi kwao. Matawi ya upande mmoja nayakata maua mapema ili yaendelee kutoa majani ya vikuba. Ya upande wa pili nimeyaacha yachanue, yawe haki ya wageni. Wadudu wekundu na watoto wao wanamalizia kazi iliyobaki. Mrehani haujawa safi kama sahani, ila u hai, na harufu yake ni ile aliyoiumba Mola.

Nawausia kina mama wenzangu: Jumamosi hii, kabla ya jua kupanda, keti na watoto wako mbele ya mti wowote uliochanua, uwe mrehani, mlimau au hata magugu ya ukutani. Nusu saa yatosha. Wafunze kuhesabu: miguu sita ni mdudu, minane ni buibui. Wafunze kutazama kwa macho na kutogusa, kwani nyuki akiguswa atajitetea na buibui akibanwa aweza kuuma. Atakayeuliza swali zito, usimkemee; jibu unalolijua, na usilolijua mwambie mtalitafuta pamoja. Na ukimwona buibui akimla nyuki, usimfiche mtoto. Mwambie kuwa riziki ya kila kiumbe iko kwa Mola wake, na kwamba Qur'ani, katika Suratul An'am, imewaita viumbe hawa umma mfano wetu sisi.

Juzi jirani yangu alikuja tena, safari hii kwa kikuba cha akika ya mjukuu wake. Alinusa, akatabasamu, akakitia mkobani. Mjukuu wangu alimsindikiza mpaka mlangoni, akamwambia, "Shangazi, yatikise kwanza. Huenda pana mwenyewe ndani."

Ewe Mola wetu, tujaalie macho ya kuzingatia ulichokiumba, na mikono isiyodhulumu kikubwa wala kidogo. Amin.