Mama Mjamzito Hadeki



Katika kutembelea familia, mara kadhaa tumesikia maneno yaleyale yakisemwa juu ya mama kijana mwenye mimba changa: anadeka, anakimbia kazi, mimba haikuanza kwake. Anayesemwa hivyo yumo chumbani, na hata maji hayakai tumboni mwake. Sisi mapadre hatuijui hali hiyo kwa miili yetu. Hata hivyo tumeona ni wajibu wetu kusema wazi kwamba maneno hayo si ya kweli, tena yanaweza kudhuru.

Tuanze na kondo la nyuma. Wengi wetu hulikumbuka siku ya kujifungua tu, linapotoka na kuzikwa. Kumbe sehemu yake kubwa hutokana na chembe za mtoto, wala si za mama, nalo husema na mwili wa mama kwa njia ya homoni. Homoni ni ujumbe unaosafiri katika damu. Ujumbe huo hausomwi popote, ila penye kipokezi chake, mfano wa ufunguo na kufuli lake.

Mapema kabisa, chembe zitakazokuwa kondo hutoa homoni ya hCG, ileile inayotafutwa na kipimo cha mkojo. Hiyo hushika vipokezi vilivyomo katika ovari, nayo ovari huendelea kutoa projesteroni, homoni inayoutuliza mji wa mimba. Ujumbe huo usipofika, mimba huharibika. Kati ya wiki ya 7 na ya 9 hivi, kondo lenyewe huipokea kazi ya kutoa projesteroni.

Sasa tuje kwenye kutapika. Mwaka 2023 watafiti wa Uingereza, Marekani na Sri Lanka walieleza katika jarida la Nature habari za homoni nyingine, GDF15. Wakati wa mimba, nyingi ya homoni hiyo iliyomo katika damu ya mama hutoka kwa mtoto na kondo lake. Kipokezi chake kiko sehemu ya nyuma ya ubongo, na kikiguswa huleta kichefuchefu. Waligundua pia kwamba mwanamke aliyekuwa na GDF15 kidogo kabla ya mimba huathirika zaidi inapopanda ghafla. Aishiye jirani na mashine ya kusaga hashtuliwi na kelele. Aliyezoea ukimya hushtuka.

Basi, mama mkwe asemaye, "Mimi nilizaa sita na sikutapika," huenda anasema kweli juu yake mwenyewe, lakini hana haki ya kumpima mkwewe kwa kipimo hicho. Wala pasitafutwe mchawi. Tunajua wazee wengine husema ukali humjenga mwanamke. Tunawaheshimu, lakini ukali haufiki kwenye kipokezi. Unachofanya ni kumfunga mdomo mgonjwa, naye akinyamaza huchelewa kupata msaada.

Kuchelewa huko ndiko tunakokuogopa. Kichefuchefu cha kawaida huvumilika. Lakini mama asiyeweza kubakiza hata maji, anayekojoa kidogo mkojo wa rangi nzito, anayepungua uzito au kuona kizunguzungu asimamapo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Huenda akahitaji kuongezewa maji kwa dripu. Enyi waume, msingoje kikao cha ukoo. Chukueni ndoo, chukueni jembe, na nauli iwe tayari.

Injili ya Luka yatusimulia kwamba Bikira Maria alikwenda kwa haraka nyumbani kwa Elisabeti, mjamzito wa miezi sita, akakaa naye karibu miezi mitatu. Hatusomi kwamba alimwuliza kama anadeka. Wiki hii, kila jumuiya ndogondogo imtafute mama mmoja mwenye mimba, imwulize tu: umeweza kunywa maji leo?

Tunawatakia Dominika njema.