UKURASA WA WAZAZI: Sauti nyembamba na sauti nzito

Mwezi huu tunaongea juu ya mchezo usiodai pesa: kumzoesha mtoto mdogo kutofautisha sauti nyembamba na sauti nzito.

Kwanza tuelewane. Ukimwambia mtoto "imba kwa sauti ya juu", yeye atapiga kelele tu. Kelele ni jambo lingine. Ndege akilia polepole, sauti yake bado ni nyembamba. Ng'ombe naye, hata ukimsikia kwa mbali, sauti yake ni nzito. Basi tutumie maneno hayo mawili, mtoto asichanganyikiwe.

Mchezo wa kwanza: mama au baba aimbe "uuu". Ikiwa nyembamba, watoto wasimame na kunyoosha mikono. Ikiwa nzito, wachuchumae. Baadaye mtoto mwenyewe aongoze na wakubwa wafuate. Hapo ndipo kuna kicheko!

Wa pili: tafuteni chupa tatu za soda za kioo, zinazofanana. Moja itieni maji kidogo, nyingine nusu, ya tatu karibu kujaa. Zigongeni taratibu kwa kijiko. Yenye maji mengi inatoa sauti nzito. Sasa pulizeni kwenye mdomo wa chupa. Kumbe mambo yamegeuka, yenye maji mengi inatoa nyembamba! Ukigonga, kinachotetemeka ni kioo, na maji yanakilemea. Ukipuliza, inatetemeka hewa iliyobaki ndani, na ikiwa kidogo sauti inakuwa nyembamba. Waacheni watoto wakisie kwanza. Maji hayo msiyamwage, yafae kunawia mikono.

Wa tatu ni wa lugha ya nyumbani. Kwa Kirundi, inda ni tumbo, na inda ni chawa pia. Herufi ni zilezile, kinachotenganisha ni kupanda na kushuka kwa sauti. Lugha nyingi za Kongo ziko hivyo, lakini Kiswahili hakiko hivyo. Mtoto aliyezaliwa kambini, anayecheza kwa Kiswahili kutwa nzima, anaweza kujua neno na kukosa sauti yake. Jioni mtajieni maneno mawili ya namna hiyo, kisha mtoe moja kwa mdomo uliofungwa, "mm-mm", naye aseme ni lipi.

Dakika kumi kwa siku zinatosha. Akikosa msimcheke, rudieni pamoja. Siku atakapoongea na bibi yake wa kule nyumbani, bibi amwelewe bila mkalimani.

Tukutane mwezi ujao.