Gari la Rimoti Linapoingia Nyumbani

Mwezi uliopita katika ukurasa huu tulizungumza juu ya kutunza dawa nyumbani. Mwezi huu nimekusudia kuongea juu ya jambo ambalo huenda likakushangaza: gari la kuchezea watoto.

Siku moja baada ya ibada hapa Ndandalo, mama mmoja alinivuta kando. "Mama Nesi," aliniambia, "shemeji yangu amewaletea watoto gari la rimoti kutoka Ulaya. Linapanda mawe kama mbuzi. Mimi sijui kama ni zawadi au ni balaa. Wewe si unalo nyumbani?" Naam, ninalo. Nilimwahidi kumjibu, na jibu limekuwa refu kuliko muda tuliokuwa nao pale mlangoni.

Ni gari la namna gani?

Kaka yangu anafanya kazi ng'ambo. Alipokuja likizo ya Krismasi alimletea mpwa wake, mwanangu wa miaka 12, gari la aina hiyo. Baba yao alipolikuta mezani alisema, "Mtu mzima anatoa fedha ya ada kununua kitu cha kuchezea!" Haikupita wiki, yeye mwenyewe akawa wa kwanza kuishika rimoti baada ya chakula cha jioni.

Gari hili halikuundwa kwa ajili ya mbio. Ni mfano mdogo wa gari la kweli la njia mbaya, mara nyingi sehemu moja ya kumi ya gari lenyewe. Mfano unaojulikana ni TRX-4 wa kampuni ya Traxxas ya Marekani, ulioingia sokoni mwaka 2017 ukiwa na bodi ya Land Rover Defender, gari ambalo sisi wa huku tumelizoea kwa miaka mingi. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni kama sentimita 32. Bei ya gari kama hilo imekuwa ikipita dola 400 za Marekani. Kwa hiyo, mama, usilichukulie kama mdoli wa gulioni. Hiyo ni fedha ya magunia kadhaa ya mchele wetu.

Linapandaje mawe? Umewahi kuona gari limenasa kwenye tope la barabara ya shambani, tairi moja linazunguka ovyo na la pili limetulia tu? Hiyo ni kazi ya difu, ambayo huachia nguvu ikimbilie tairi lisilo na mzigo. Katika TRX-4 mtoto anaweza kuifunga difu ya mbele na ya nyuma kwa rimoti, matairi yote yakazunguka pamoja. Lina gia ya pole na gia ya kasi. Pia mwishoni mwa ekseli, karibu na kila tairi, kuna gia ndogo zinazoifanya ekseli ikae juu kuliko kitovu cha tairi, hivyo tumbo la gari halikwaruzi jiwe kwa urahisi.

Kulikagua toka kichwani hadi miguuni

Mtoto akizaliwa, sisi wauguzi humkagua toka kichwani hadi vidole vya miguu kabla ya kumkabidhi kwa mama yake. Gari nalo ulikague hivyo.

Kwanza ling'oe bodi, maana rangi nzuri huficha mengi. Tazama chasisi. Ya chuma huvumilia kuanguka, ya plastiki nyembamba hupinda na kukatika. Shika kila tairi ulitikise. Likichezacheza sana, beringi au kiungo kimelegea. Bonyeza gari chini uachie. Shokomzoba nzuri zina mafuta ndani na hulirudisha gari taratibu, bila kurukaruka. Zikivuja utaona unyevu kwenye fimbo zake.

Halafu uliza juu ya gia. Kwenye mawe gari hukwama ghafla huku mota ikiendelea kusukuma, na hapo ndipo gia za plastiki huvunjika meno. Gia za chuma hudumu zaidi. Mwisho tazama kama limefungwa kwa skrubu au kwa gundi. Lililofungwa kwa skrubu linafunguka na kutengenezwa, na makampuni mazuri huuza kila kipuri peke yake. Lililofungwa kwa gundi, gia moja ikivunjika gari zima ni takataka.

Tulilijaribu letu siku tulipokwenda Matema. Watu wengi hujua ule mchanga mzuri, lakini ukielekea upande wa Lyulilo kwenye soko la vyungu, milima ya Livingstone inashuka hadi ziwani na mawe yanaanza. Gari lilipanda mawe ambayo mimi nilishindwa kuyapanda na kitenge changu. Kilichotushinda ni mchanga. Uliingia kwenye beringi, na siku ya pili likawa linalia kama baiskeli isiyo na grisi. Wakiandika kwamba gari haliingizi maji, maana yake ni kwamba vifaa vya umeme vimezibwa. Beringi na skrubu bado hushika kutu. Baada ya tope lioshe polepole, lipanguse na ulikaushe kivulini.

Binti yangu wa miaka 14 ndiye aliyechukua bisibisi akalifungua. Mdogo wake alilalamika kwamba hiyo ni kazi ya wavulana. Nikamwambia, "Mwache dada yako. Wewe mshikie taa." Alipanga skrubu zote kwenye sahani kwa mpangilio aliozitoa, akatoa mchanga kwa brashi, akarudisha kila kitu mahali pake. Akina mama, tusiwafunge mikono mabinti zetu.

Usiku ule wa betri

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike, nalo ni kosa langu mwenyewe.

Gari letu lilikuja na betri ya nikeli, iliyoandikwa NiMH, pamoja na chaja yake. Betri hiyo ilikuwa ikiisha mapema, ndipo mtu mmoja akatupatia ya pili, nyepesi, inayodumu zaidi. Hiyo iliandikwa LiPo, yaani lithiamu polima. Ya kwanza ilisomeka volti 7.2, ya pili 7.4. Plagi zake zilifanana kabisa. Jioni moja, kabla sijaenda zamu ya usiku, mwanangu aliniomba nimchajie. Nikachomeka ile mpya kwenye chaja ya zamani, nikaiweka juu ya godoro, karibu na alipolala kitindamimba wetu wa miaka mitatu ndani ya chandarua. Nikafunga mtandio wangu, nikatoka.

Nilifika njiani nikakumbuka kwamba nimesahau kitambulisho changu. Nikarudi. Nilipofungua mlango wa chumba, harufu tamu ya ajabu ilinipokea. Betri ilikuwa imevimba kama andazi. Nilichomoa waya ukutani, nikamnyakua mtoto na chandarua chake, nikamwita baba yao. Yeye akaichukua kwa koleo la jikoni, akaitupa nje kwenye mchanga. Haikupita muda ikatoa moshi mweupe mzito, kisha moto. Tulisimama uani tukiutazama, na hakuna aliyesema neno. Zamuni nilifika nimechelewa, na mikono yangu ilikuwa bado inatetemeka.

Ilikuwaje? Chaja ya nikeli hungoja dalili fulani ya volti kushuka kidogo ndipo ijue betri imejaa. Betri ya lithiamu haitoi dalili hiyo, kwa hiyo chaja huendelea kusukuma umeme. Seli moja ya lithiamu haitakiwi kupita volti 4.2. Ikipita, hupata joto, huvimba na huweza kuwaka. Vilevile haitakiwi kushuka chini ya volti 3, na ndiyo sababu gari lenyewe huwa na mahali pa kuchagua aina ya betri, ili lizime kabla seli hazijakauka.

Mimi ni muuguzi. Tangu chuoni tulifundishwa: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Sijawahi kuchoma sindano kwa sababu tu inaingia kwenye bomba. Lakini nyumbani kwangu nilichomeka betri kwa sababu tu plagi iliingia, wala sikusoma maandishi yake. Ndiyo maana tangu siku hiyo tuna sheria zetu, zimeandikwa kwa mkono wa mwanangu na kubandikwa ukutani:

1. Betri ya LiPo huchajiwa kwa chaja ya LiPo tu, ile inayosawazisha seli.
2. Huchajiwa mtu mzima akiwepo na akiwa macho. Si usiku, si tukiwa kanisani.
3. Huwekwa juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chungu kikavu kisichofunikwa, mbali na godoro, pazia na mkeka.
4. Ikivimba, ikichubuka au ikigongwa na jiwe, haichajiwi tena. Haitobolewi wala haitupwi jalalani penye moto.
5. Ikianza kutoa moshi ndani, watu kwanza. Toeni watoto, msiuvute moshi huo, maana una sumu.

Mtu akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda hospitali. Usipake dawa ya meno, unga wala mafuta.

Wadogo wenye kuokota kila kitu

Kuna hatari nyingine, nayo iko zaidi kwenye vigari vya bei rahisi. Rimoti zake nyingi hutumia betri bapa kama kifungo au sarafu. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, haihitaji kupasuka ndipo idhuru. Umeme wake, ukikutana na unyevu wa mwili, huunguza nyama, na madhara makubwa huweza kutokea ndani ya saa 2. Dalili zake hudanganya: mate mengi, kukataa chakula, kikohozi, kutapika. Ukimshuku mtoto, usimtapishe wala usingoje kuona kama itatoka yenyewe. Mkimbize kwenye hospitali yenye eksirei. Kama amepita mwaka 1, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, mpe asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara 6. Asali hupunguza kuungua, haiponyi. Usichelewe kwa ajili ya kuitafuta, na aliye chini ya mwaka 1 usimpe kabisa.

Kwa hiyo hakikisha kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu. Kikifunguka kwa ukucha, kitu hicho kisikae nyumba yenye mtoto mdogo.

Jibu langu

Sasa, dada yangu uliyeniuliza mlangoni, nakujibu. Gari hilo ni zawadi nzuri kwa mtoto mkubwa aliye na mtu mzima wa kukaa naye. Linamfundisha subira, maana kwenye mawe mwenye haraka hupindua gari. Linamfundisha kufungua kitu na kukirudisha. Likiachwa na mtoto peke yake, pamoja na chaja isiyojulikana, ni balaa kweli kama ulivyohofu.

Na kama hamna gari la rimoti, msione haya. Watoto wetu wa Kyela bado wanaunda vigari vya waya vyenye matairi ya ndala zilizochakaa, wakavivuta kwa kamba hadi jioni. Nilimwona mwanangu juzi akimtengenezea rafiki yake kigari cha waya, akimweleza kwa nini ekseli ya mbele lazima iweze kupinda. Maarifa hayo aliyapata kwenye lile gari la mjomba wake.

Jioni hii, kabla hujalala, pita chumbani kwa watoto. Tazama kilichochomekwa ukutani, na usome maandishi yake. Mimi nilirudi kwa sababu ya kitambulisho, na ninamshukuru Mungu kwa kule kusahau. Lakini tusijenge usalama wa nyumba juu ya kusahau vitambulisho.

Hadi mwezi ujao, Bwana awalinde ninyi na nyumba zenu.