Mpagani na Huduma: Maoni juu ya Malezi ya Wahudumu wa Dini ya Kipagani Nchini Marekani

Neno "mpagani" limezoeleka katika Kiswahili kwa maana ya mtu asiye na dini. Asili yake ni Kilatini, paganus, yaani mtu wa pagus, wilaya ya mashamba. Wakristo wa kale ndio waliolitumia kumtaja aliyekuwa nje ya imani yao. Kwa hiyo asikiaye kwamba nchini Marekani wapo Wapagani wanaosomea huduma ya kidini huenda akaona maneno yanapingana: asiye na dini atahudumu katika dini gani? Mpingano huo umo katika msamiati, haumo katika jambo lenyewe. Wafuasi wa Wicca, Wadruidi na wanaoabudu miungu ya kale ya Ulaya ni waumini, nao wamelitwaa jina la dharau wakalifanya jina lao la heshima.

Chimbuko la mafunzo hayo lina utata wake. Gerald Gardner alichapisha kitabu chake Witchcraft Today huko Uingereza mwaka 1954, miaka mitatu baada ya sheria ya uchawi ya mwaka 1735 kufutwa. Katika mapokeo aliyoyaeneza, waumini hukutana katika vikundi vidogo, na kila aliyekwisha kuingizwa huhesabiwa kuwa kuhani. Hapo ndipo wapinzani wa mafunzo wanaposimama. Ikiwa wote ni makuhani, ya nini kuwasomesha wachache? Je, si kuzaa tabaka la viongozi ambalo wengi wao walilikimbia katika makanisa ya wazazi wao?

Hoja hii ina uzito, lakini inachanganya mambo mawili: kuongoza ibada na kuwatunza watu. Ajuaye taratibu za ibada ya mbalamwezi si lazima ajue namna ya kukaa na mfiwa, mgonjwa au mfungwa. Mfano upo. Sajini Patrick Stewart, mfuasi wa Wicca, aliuawa Afghanistan mwaka 2005. Mjane wake alinyimwa ruhusa ya kuweka alama ya dini ya mumewe, nyota ya ncha tano ndani ya duara, kwenye kumbukumbu ya serikali. Serikali ilikubali alama hiyo mwezi Aprili 2007, baada ya kesi ambayo Circle Sanctuary, jumuiya iliyoanzishwa na Selena Fox mwaka 1974, ilishiriki kuifungua. Katika msiba wa namna ile, mhudumu alihitaji ujuzi wa sheria, subira na sikio la kusikiliza.

Ndiyo sababu jumuiya ya Wadruidi iliyoasisiwa na Isaac Bonewits mwaka 1983, Ár nDraíocht Féin, ilisisitiza makuhani waliosoma. Na ndiyo sababu ikabuniwa Cherry Hill Seminary, iliyoanzia katika jimbo la Vermont, kufundisha ushauri nasaha, maadili na uongozi wa jumuiya.

Hata hivyo, faida kubwa ya mafunzo haipatikani katika orodha ya masomo. Aghalabu mwanafunzi huingia akitafuta uwezo, na huduma humfundisha mipaka: kutunza siri, kutambua mgonjwa anayehitaji daktari kuliko dua, kunyamaza panapostahili kimya. Zaidi ya hayo, wengi wa Wapagani wamezaliwa katika dini nyingine. Mhudumu ambaye hajamaliza ugomvi wake na kanisa la utotoni atawezaje kusimama kitandani pa mgonjwa, ubavuni mwa mama Mkristo anayemwombea mwanawe? Hana budi kwanza kuipatanisha nafsi yake. Huko ndiko kukua.

Kiswahili kinao msamiati wa kulieleza jambo hili. Kusomeshwa ni kupewa maarifa. Kufundwa ni kutengenezwa mwenendo. Mwari afundwaye na kungwi hatoki na cheti, hutoka mtu mwingine. Vivyo hivyo neno "huduma" hutumika zahanati na kanisani pia, likikumbusha kwamba cheo hufuata kazi. Kinyume chake, kuitafsiri Wicca kwa neno "uchawi" ni kosa kubwa. Uchawi katika Kiswahili ni kudhuru watu, na ndivyo ulivyoshughulikiwa na sheria za kikoloni za Kenya mwaka 1925 na Tanganyika mwaka 1928. Mfasiri atumiaye neno hilo humhukumu muumini kabla hajasikilizwa.

Wapinzani wa mafunzo wana haki ya kuogopa vyeti, kwa kuwa cheti kinaweza kumpa mtu majivuno badala ya malezi. Lakini dawa yake si kuwaacha wafiwa na wagonjwa mikononi mwa wasiofundwa. Dawa ni kumpima mhitimu kwa namna anavyowatendea walio katika dhiki, si kwa karatasi aliyoibeba.